Pumzi Uliyokuwa Ukimpulizia Gaju

Papa,

Leo ni Jumapili. Tumetoka kanisani, Mama amejinyoosha kidogo kwa sababu mvua inanyesha, na mimi nimekaa kwenye kiti chako karibu na mlango. Hakuna aliyekikalia tangu ulipoondoka. Hata Baba mdogo Kasiano, ambaye hukaa popote, akija huvuta benchi. Leo nimekikalia bila kuomba ruhusa. Kutoka hapa naona kile ulichokuwa ukikiona: mteremko, uzio, shamba la maharage la jirani, na Gaju amesimama mvuani anatafuna, mgongo wake ameuelekeza kwenye upepo.

Nakuandikia kwa sababu ya Gaju. Hapana, siyo kwa sababu yake tu. Lakini nianze na yeye, maana wewe pia ungeanza na yeye. Ulikuwa ukirudi kutoka safari, hata kama ni ya Sake tu, unauliza kwanza, "Gaju alikula?" Kisha ndipo unatugeukia, "Na nyinyi?" Mama alikuwa akijibu, "Sisi tulikuwa tunangoya ngombe atupatie ruhusa." Na wewe ulikuwa ukivua kofia na kumwinamia kama mtu aliyepokelewa na chifu.

Papa, ulipoondoka, Gaju alifunga maziwa.

Nitakueleza. Lakini kwanza acha nikumbuke jinsi ilivyokuwa, maana nikikumbuka vizuri ndipo naweza kuandika.

Asubuhi ulikuwa ukitoka na ndoo ndogo na kamba. Kazi yangu ilikuwa kumshika ndama. Ulimwacha anyonye kidogo ili mama yake alegee, kisha mimi namvuta pembeni, na wewe unachuchumaa, unaweka shavu lako kwenye ubavu wa Gaju, na unaanza mluzi wako. Ulikuwa mluzi mmoja mrefu, wa chini, unaoshuka mwishoni kama mtu anayeteremka kilima na hana haraka. Unanyamaza, unavuta hewa, unaanza tena. Maziwa yanaanza kugonga ndoo. Sikuwahi kukuona ukimkemea wala ukimfunga miguu ya nyuma kama wengine. Watu walisema ni dawa. Wengine walisema ni tabia tu, kwamba wewe ulizaliwa mpole na ng'ombe wanajua.

Mimi nilizaliwa hivi unavyonijua. Mlango ukigongwa, mimi nimesharuka. Nikiongea, maneno yanasukumana. Uliniambia mara nyingi pale penye ndama, "Solange, unapumua sawa muntu anafukuzwa." Na ni kweli tulikuwa tumefukuzwa, Papa. Gaju mwenyewe alizaliwa tulipokuwa wakimbizi nje ya Sake, chini ya turubai la watu wengine, wewe ukimfuta kwa shati lako la kanisani. Tuliporudi kilimani kwetu, nyinyi wote mlirudi. Mimi niliendelea kulala na viatu miguuni. Uliviona, hukuvivua. Ulivifunika kwa blanketi.

Ndiyo maana siku ile ya kupimwa moyo imebaki kichwani mwangu kuliko siku nyingine zote.

Unakumbuka. Kulitangazwa kanisani kwamba kwenye kituo cha afya amefika mwanafunzi kutoka Goma, Mademoiselle Aline, anajifunza kazi ya kupima mwendo wa moyo kwa mashine, na anaomba watu wa kila aina wakubali kujaribiwa, wakali na wapole. Wewe kikohozi kilikuwa kimeanza. Ulisikia neno "kupima" tu, ukafikiri watatoa na dawa. Ukavaa koti jeusi la harusi na kofia. Mama akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Unaenda kupimwa moyo ao unaenda kuoa?"

"Wakiona moyo iko muzima," ukajibu, "nitaoa."

Mama akasema basi na yeye anakwenda, akamwone huyo bibi harusi. Tukashuka watatu.

Mademoiselle Aline alikuwa msichana mdogo, mwembamba, mwenye miwani. Alikufunga mkanda kifuani chini ya shati, na kwenye kompyuta yake ukatokea mstari unaotembea, unaoonyesha mwendo wa moyo. Kabla ya kuanza alikuwa na maswali ya tabia. Alikusomea kwa adabu: "Papa, mtu akikuchokoza, unakasirika haraka, polepole, ao hapana kabisa?"

Ukafikiri. "Anayechokoza, iko ngombe ao muntu?"

"Mtu, Papa."

"Ah. Muntu."  Ukafikiri tena. "Uliza bibi yangu."

Mama akasema, "Andika: inategemea chumvi." Mimi sikuelewa wakati ule. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa, na mashine ikapiga kelele, na Mademoiselle Aline akaomba tafadhali tutulie tuanze upya.

Mimi nilipoulizwa nilijibu yote kwa mfululizo: nakasirika haraka, naogopa haraka, nalia haraka. Aliandika. Sikuona aibu, alikuwa anaandika kwa uso mwema.

Halafu akatuomba tupumue. Kwanza kawaida. Kisha polepole, tukifuata duara kwenye kioo cha kompyuta: linapovimba unavuta hewa, linaponywea unaitoa. Wewe ulitazama lile duara mara mbili tatu, ukasema, "Hii ninaijua," ukafumba macho. Ukakunja midomo. Mluzi wako, lakini bila sauti, kwa sababu uliheshimu ofisi. Na ule mstari, Papa! Ulianza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpana, kama vilima vyetu ukiviangalia kutoka upande wa Sake.

Mama akaruka. "Yesu! Moyo yake inachechemea!"

Akaenda moja kwa moja kwenye mkanda. "Mutoe hii kitu! Alikuja na moyo muzima, munamuharibia!" Muuguzi wa pale akaja mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Wewe ulikuwa bado umefumba macho, unapuliza.

Nami nilipopimwa, mstari wangu ulikuwa umenyooka kama meza, mapigo yanafuatana sawasawa, ya haraka, kama askari wanaokwenda gwaride. Mama akashusha pumzi. "Ona ya mutoto. Hiyo njo moyo." Na mimi, Papa, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu ambacho mimi nilikuwa nacho kimetulia kuliko chako. Nikakuonea huruma. Nilikuwa tayari kukusindikiza nyumbani kama mgonjwa.

Hapo Mademoiselle Aline akavua miwani, akatuketisha, akatueleza polepole. Alisema moyo si saa ya ukutani. Unapovuta hewa, moyo unakaza mwendo kidogo, unapotoa, unalegeza. Kuna mishipa inayotoka kichwani na kushuka mpaka kifuani, nayo hushika moyo kama kamba inavyomshika ndama: ukitoa pumzi taratibu, kamba inavutwa, moyo unapunguza mbio, ukivuta hewa, kamba inaachiliwa. Moyo unaoitika hivyo, unaokaza na kulegeza, mara nyingi ni wa mwili unaojua kurudi kwenye utulivu baada ya kushtuka. Moyo wa mtu anayekaa na hofu, mara nyingi unabaki kwenye mwendo mmoja, kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba hatari imepita.

Hilo la mwisho alilisema bila kuniangalia. Lakini wewe uliniangalia. Kisha ukaangalia viatu vyangu.

Akatuonya tusiende kusema kijijini kwamba fulani ana moyo mzuri na fulani mbaya. "Mimi si daktari," alisema. "Umri unabadilisha, ugonjwa unabadilisha, hata kahawa." Na kuhusu tabia, alisema kwamba wao wenyewe darasani wanabishana; tabia ya mtu ina sehemu yake, lakini haieleweki kirahisi. Kuhusu pumzi hawabishani sana. Akageuza kompyuta upande wangu. "Jaribu tena, dada. Toa taratibu kuliko unavyovuta."

Nilishindwa. Nikajaribu. Wewe ukaja ukachuchumaa mbele yangu, koti la harusi linagusa sakafu, ukakunja midomo, ukapuliza ili nikufuate. Nikakufuata. Na kwenye ile meza iliyonyooka kukatokea kilima kimoja. Kidogo, kama kichuguu. Kisha kingine.

"Ona," alisema Mademoiselle Aline. "Tabia yako iko ileile ya mwanzo. Pumzi njo imebadilika."

Dawa hawakutoa. Uliulizia hata hivyo.

Njiani kurudi ulichoka, tukakaa kwenye jiwe pale barabara inapokata kushoto. Mama alitangulia. Nikakuambia wewe una bahati, umezaliwa mpole, mimi ndiyo nimezaliwa hivi. Ukakunja suruali, ukanionyesha mguu, lile kovu ambalo siku zote nilidhani ni la panga.

"Hii iko teke ya ngombe," ulisema. "Na hii. Na hii hapa. Unafikiri nilizaliwa namna hii? Nilikuwa moto, Solange. Ngombe walikuwa wananisikia mbali wanafunga maziwa. Babu yako akaniambia: kabla ya kumugusa, piga mluzi kwanza." Ukashusha suruali. "Miaka yote nilifikiri iko ya ngombe. Kumbe ilikuwa yangu mimi."

Tulipofika nikamuuliza Mama. Mama akaacha kupepeta. "Huyu? Alitupa sufuria ya maharage mupaka barabarani sababu haina chumvi. Mwaka alinioa! Kuku za jirani zikakula vizuri siku ile." Wewe ukaingia zizini haraka sana kwa mtu aliyekuwa amechoka.

Papa, sijui kama ulijua ulinipa nini siku ile. Maisha yangu yote nilidhani upole wako ni kama urefu wako au pua yako, kitu ambacho kaka yangu, Yaya Pascal, alirithi na mimi nikakikosa. Kumbe ulikuwa unautengeneza kila asubuhi, kwa pumzi, mbele ya macho yangu, na mimi nimeshika kamba ya ndama.

Kisha kifua kikakubana. Sitaandika mengi hapa. Mluzi ulianza kukatika katikati, halafu ukabaki upepo tu. Uliendelea kwenda kwa Gaju na ule upepo. Mama alisema ng'ombe hatakubali, atasikia tofauti. Gaju hakujali. Uliweka shavu, ukapuliza bila sauti, kifupi, kifupi, na yeye akaachilia. Nilikuwa pale. Nililiona hilo.

Uliposhindwa kuamka, uliomba mlango uachwe wazi ili umsikie. Na siku za mwisho, pumzi yako ilipoanza kukimbia, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikaweka mmoja juu ya kifua chako. Nikachuchumaa kama ulivyochuchumaa kwenye kituo cha afya, nikakunja midomo, nikapuliza taratibu ili unifuate. Ulinitazama. Ulijaribu, Papa. Nilihisi chini ya mkono wangu jinsi ulivyojaribu. Kidogo ulinifuata. Tukaenda pamoja kidogo.

Halafu pumzi yangu ikaendelea peke yake.

Mvua imeongezeka. Nimesimama nikachungulia, Gaju amesogea chini ya mti. Naendelea.

Yaya Pascal alifika kutoka Walikale siku ya mazishi yenyewe, tope mpaka magotini, pikipiki iliwaangusha njiani msituni. Watu walikuwa wengi. Waliimba vizuri. Baada ya siku za kwanza za kilio Yaya alijaribu kumkamua Gaju, lakini amekaa sana kule kwenye kazi zake, mikono yake imekuwa ya kubeba. Gaju alimpiga mkia usoni. Alijaribu kupiga mluzi wako na akaanza kulia katikati, akaacha ndoo pale pale. Kisha ikabidi arudi, kazi haikumngoja. Papa Rukundo, jirani, akaja kutusaidia, akasema yeye hana mambo ya miluzi, ng'ombe ni kamba tu. Akamfunga miguu. Gaju akaikata kamba, akampiga teke, na Papa Rukundo akajikuta amekaa kwenye ndoo. Alirudi kwake akitembea kwa upande. Mama alimpelekea chai na hakuweza kumwangalia usoni kwa kicheko. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ulipoondoka.

Lakini baadaye hapakuwa na cha kuchekesha. Ndama peke yake hakuweza kumaliza maziwa. Kiwele kilianza kuwa kigumu na cha moto, na saa yako ikifika asubuhi Gaju alikuwa anageukia mlango huu, analia. Mama alikuwa akijifunika kitenge masikioni. Baba mdogo Kasiano akasema hii sasa ni nyama inatembea, na kwamba heri iuzwe kabla haijaugua. Akapatana na mchinjaji wa Kitshanga. Mama hakukataa. Alisema tu, "Bora tu asiendelee kulia pale."

Nilisema mimi nitamkamua.

Unajua walivyoniangalia. Kwetu mwanamke hakamui, na mwanamke hapigi mluzi. Ukijisahau ukiwa mtoto, unapigwa kwenye midomo na bibi yeyote aliye karibu. Baba mdogo hata hakukasirika, alinihurumia. "Wewe, Solange? Wewe njo unaruka kuku ikipita?" Mama akasema, "Acha, mwanangu. Atakuvunja mbavu. Na watu watasema nini? Papa yako ameondoka, na nyumba imekosa hata adabu?" Nilikuwa naogopa kweli. Lakini kichwani nilikuona wewe umemshika akiwa ndama mwenye mvuke, unamfuta kwa shati, nje ya Sake, tulipokuwa hatuna kitu kingine chochote kinachopumua ambacho kilikuwa chetu.

Asubuhi ile ambayo mchinjaji alikuwa aje, nilichukua ndoo yako. Nilimfunga ndama kwenye nguzo baada ya kunyonya kidogo. Nikachuchumaa. Moyo wangu ulikuwa unagonga mpaka kwenye meno. Nilipogusa chuchu, Gaju alirusha mguu, ndoo ikaruka, nami nikakaa matopeni. Nikairudisha ndoo. Akarusha tena. Mama alikuwa mlangoni, "Solange, toka pale! Toka pale, nakuomba!" na sauti yake ilinikimbiza zaidi, nikawa napumua juu juu, na Gaju akawa anatetemesha ngozi yote ya mgongo. Nikaelewa, Papa, kwamba ng'ombe hakuwa ananikatalia mimi. Alikuwa anafukuzwa pamoja nami, na hakujua na nani.

Basi niliacha chuchu. Niliweka ndoo mbali. Niliweka shavu langu pale ulipokuwa ukiliweka, kwenye ubavu, karibu na ule mzunguko wa manyoya, na nikapuliza. Ya kwanza ilikuwa fupi na ilitetemeka. Ya pili vilevile. Nikafikiria duara la Mademoiselle Aline, halikunisaidia. Nikafikiria koti la harusi linalogusa sakafu. Hilo lilinisaidia. Nikatoa pumzi taratibu mpaka ikaisha yote, nikangoja, nikavuta, nikatoa tena. Sijui kwa muda gani. Chini ya shavu langu ubavu wa Gaju ulikuwa unavimba na kunywea, haraka, halafu si haraka sana. Moyo wangu nilikuwa nausikia, na nilisikia ulipoanza kulegeza kila nilipotoa hewa. Ulichechemea, Papa. Ulichechemea vizuri kabisa.

Nikaivuta ndoo kwa mguu.

Mguu wake haukuruka. Mwanzoni ilitoka kidogo tu, nzito. Kisha nikahisi kiwele kinashuka mikononi mwangu, kama kitu kilichokuwa kimebebwa muda mrefu kikiwekwa chini, na maziwa yakagonga ndoo.

Sikukusudia lililofuata. Nilikuwa napuliza tu, midomo imekunjwa, na sauti ikatoka. Mluzi. Mwembamba, mbaya, unakwaruza, lakini ulishuka mwishoni. Nikashtuka, nikanyamaza. Nyuma yangu nikasikia Mama anakuja mbio matopeni bila viatu. Nikainamisha kichwa nikingoja kupigwa kwenye midomo, mimi mtu mzima.

Hakunipiga. Alisimama pale mkono mdomoni.

"Nilifikiri..." alisema.

Alinishika bega. Mkono wake ulikuwa na unga. Baadaye akasema kwa sauti ndogo sana, "Usiache. Ngombe anakungoya."

Nikaendelea. Alibaki pale, mkono begani, mpaka ndoo ikajaa.

Baba mdogo Kasiano alifika na mchinjaji tukiwa bado zizini. Alisikia kutoka barabarani. "Nani anapiga mluzi hapa? Muanamuke? Katika kilio ya kaka yangu?"

Mama hakugeuka. "Kama inakusumbua, Baba mudogo, ndoo iko hapa. Kamula wewe."

Baba mdogo aliangalia miguu ya nyuma ya Gaju. Akaishika kofia yake kama kuna upepo. Mchinjaji, mtu mnene mwenye sauti nzuri, akaanza kucheka. "Papa Kasiano, uliniita kwa nyama inatembea. Mimi naona maziwa na fromaji inatembea." Mama akachemsha maziwa, wakanywa wote wawili, Baba mdogo vikombe viwili. Kuhusu mluzi hakusema tena kitu. Nasikia huko nje anasema ni wewe ulinifundisha, kwa hiyo si mluzi wangu, ni wako, na kwa hiyo hakuna kosa. Mwache aseme. Kidogo ni kweli.

Kiwele cha Gaju kimepona. Ndama amekuwa na kiburi kama mama yake. Yaya Pascal akipata mtandao kule Walikale anapiga simu, na baada ya kuongea na Mama anaomba nimsikilizishe maziwa yanavyogonga ndoo. Nilifanya hivyo mara moja, simu imefungwa begani kwa kitenge. Mpaka mwisho nilisikia tu anavyopumua.

Sitaki kukudanganya kwamba nimekuwa mwingine. Juzi pikipiki ilipiga mlipuko pale barabarani, nikajikuta chini ya meza, na Mama akanipitishia kipande cha muhogo huko chini kama vile ni mahali pa kawaida pa kulia chakula. Bado maneno yangu yanasukumana. Ningefungwa ule mkanda leo, sijui mstari ungesemaje. Lakini nikitoka chini ya meza najua pa kwenda. Nakwenda kuweka shavu pale.

Na viatu navivua sasa, Papa. Si kila siku. Navipanga chini ya kitanda, vidole vimeelekea mlangoni.

Kuna jambo moja zaidi. Kila asubuhi nikianza, Mama anatoka na kikombe mkononi, anasema amekuja kuonja kama yana mafuta. Anasimama nyuma yangu na kikombe kikiwa kitupu. Hanyweshi mtu, hanywi yeye. Nimejua anachokuja kuchukua. Kwa hiyo najitahidi mwisho wa mluzi ushuke kama wako, bila haraka, na ninavuta hewa kidogo zaidi ya ninayohitaji ili uwe mrefu.

Hilo ndilo nakuahidi. Sitakuahidi kutoogopa. Nitapiga mluzi kwanza, kabla ya kugusa kitu chochote, Gaju au mtu. Na yule wa Yaya Pascal, msichana wake mdogo, akija huku likizo, nitampa kamba ya ndama ashike, na sitampiga kwenye midomo.

Mvua imekatika. Gaju ametoka chini ya mti, amegeukia huku. Anaangalia kiti, anaona kuna mtu. Acha niinuke nisimcheleweshe, maana ungeniuliza kama amekula.

Pumua vizuri huko, Papa, ambako kifua hakibani.

Mtoto wako,
Solange